Dawa ya goti: kupaka, kumeza, kuchomwa sindano, au kusubiri chembe za nano?

Dawa za osteoathritisi, ule ugonjwa wa viungo kuchakaa, hazijabadilika sana kwa miaka mingi. Kinachobadilika ni njia ya kuzifikisha kwenye kiungo. Unaweza kupaka, kumeza, au kuchomwa sindano ndani ya goti, na sasa wapo watafiti wanaofungasha dawa ndani ya vichembe vidogo kiasi cha kupenya kwenye gegedu lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu, milioni 365 kati yao wakiwa nao magotini. Ndiyo maana kila habari ya tiba ya nano ikisambaa, swali huwa lilelile: nisubiri hiyo, au nikubali sindano niliyopendekezewa kliniki?

Nimeandika kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo. Msimamo wangu nautoa mapema ili usomapo ujue naelemea wapi: udogo wa chembe peke yake si sifa. Chembe ndogo sana inaingia mahali ambapo kubwa haiingii, lakini kwenye kiungo ni kama samaki na tundu la wavu, anayeingia kirahisi hutoka kirahisi. Sehemu kubwa ya utafiti wa nano kwenye viungo ni jitihada za kupata chembe inayoingia na isitoke.

Vigezo

Kwanza, dawa inafika wapi? Hapa inabidi kulijua goti kidogo. Gegedu, ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu wala neva. Hula kwa kunyonya kutoka kwenye ute unaolainisha kiungo. Kwa hiyo maumivu hayatoki kwenye gegedu. Yanatoka zaidi kwenye utando unaozunguka kiungo, unapovimba, na kwenye mfupa ulio chini ya gegedu. Dawa ya kutuliza maumivu ikifika kwenye utando imefanya kazi yake. Dawa ya kulinda au kujenga gegedu ikiishia hapo haijafanya lolote. Watu wengi huchanganya malengo haya mawili, na matangazo huwasaidia kuchanganya.

Pili, inakaa muda gani? Dawa nyepesi iliyoyeyuka ikidungwa ndani ya goti huanza kutoka papo hapo kupitia mishipa midogo ya damu, na baada ya saa chache sehemu kubwa imekwisha kuondoka. Molekuli kubwa, kama protini, hukawia zaidi kidogo, kisha nazo huondolewa na mishipa ya limfu.

Tatu, sehemu nyingine za mwili zinalipa gharama gani: tumbo, figo, moyo, sukari kwenye damu.

Nne, ushahidi umetoka kwa nani. Panya, kipande cha gegedu la ng'ombe maabara, au binadamu wenye magoti yanayouma?

Jeli ya kupaka

Hii ni diclofenac na wenzake, dawa za kuzuia uvimbe zisizo steroidi, katika umbo la jeli. Hupita kwenye ngozi na kuingia kwenye tishu za chini yake. Goti liko karibu na ngozi, vidole pia, ndiyo maana hufanya kazi huko. Nyonga imezama chini ya misuli mingi, hivyo usiitegemee kwa nyonga.

Haikai muda mrefu, na kwa hiyo inapakwa mara kadhaa kwa siku. Faida yake kubwa iko kwenye kigezo cha tatu. Kiasi cha diclofenac kinachoingia kwenye damu kutokana na jeli ya asilimia 1 kwenye goti moja ni kama asilimia 6 tu ya kinachoingia kwa vidonge. Ushahidi wake ni wa binadamu, tena wa kutosha kiasi kwamba mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaiweka mbele ya vidonge kwa osteoathritisi ya goti.

Kuna jambo dogo ambalo naona linaharibu sifa ya jeli bure: watu hupaka kidogo mno. Dozi ya kawaida ya jeli ya asilimia 1 kwa goti ni gramu 4 kila mara, mara nne kwa siku. Gramu 4 ni mstari wa jeli wenye urefu wa sentimita 11 hivi, si tone la ncha ya kidole. Hutandazwa goti zima, mbele na pembeni, halafu goti lisioshwe kwa muda wa saa nzima hivi. Anayegusa pale panapouma tu, mara moja usiku, kisha akasema jeli haifai kitu, kwa kweli hajaijaribu bado.

Inamfaa mwenye tatizo la goti moja au mawili au la vidole, hasa mtu mzima mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa nyingine nyingi. Haimfai mwenye viungo vingi vinavyouma kwa pamoja.

Vidonge

Ibuprofen, naproxen, celecoxib. Hufika kila mahali kwa njia ya damu, goti likiwa sehemu mojawapo: damu huipeleka dawa kwenye utando, utando huipitisha kwenye ute. Gegedu linapata kilichobaki. Muda wake ni wa saa tu, kwa hiyo humezwa kila siku.

Gharama kwa mwili ndipo penye shida. Tumbo linaweza kutoka vidonda na hata damu, figo zinaweza kuzidiwa, shinikizo la damu likapanda, na hatari ya mshtuko wa moyo ikaongezeka. Celecoxib ni nafuu kwa tumbo, lakini ndugu yake wa kundi moja, rofecoxib, aliyeuzwa kwa jina la Vioxx, aliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya moyo. Ushahidi wa kupunguza maumivu upo na ni mwingi. Humfaa mtu asiye na matatizo ya tumbo, figo wala moyo, mwenye maumivu ya viungo kadhaa, anayehitaji nafuu ya kipindi kifupi. Kumeza miezi na miaka bila kupimwa figo wala shinikizo ni kucheza na mwili.

Sindano ya kawaida ya steroidi

Triamcinolone au methylprednisolone, steroidi za kutuliza uvimbe, hudungwa moja kwa moja ndani ya kiungo. Huwa ni fuwele ndogondogo zinazoelea kwenye kimiminika, na kule kuyeyuka polepole ndiko kunakoifanya ikae kuliko dawa iliyoyeyuka kabisa. Inafika penye utando uliovimba, mahali hasa panapouma, na nafuu huja ndani ya siku chache. Kwa kawaida inadumu wiki chache. Wengine hubahatika kupata zaidi.

Mwenye kisukari ategemee sukari kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano. Maambukizi ndani ya kiungo ni nadra lakini ni mazito yakitokea. Na kama umepangiwa upasuaji wa kubadilishiwa goti, mwambie mapema anayekudunga, kwa maana sindano ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi.

Halafu lipo lile la gegedu. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa watu 140 wenye osteoathritisi ya goti. Nusu walidungwa triamcinolone kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Waliopata dawa walipoteza unene wa gegedu wa milimita 0.21 kwa wastani; wa maji ya chumvi 0.10. Maumivu mwishoni mwa miaka miwili hayakutofautiana. Hilo halimaanishi sindano moja ni sumu. Linamaanisha sindano ya kila miezi mitatu kama ratiba ya kudumu haina hoja nzuri ya kuitetea.

Inamfaa aliyevimba goti ghafla, anayehitaji kusimama tena ili aanze mazoezi. Mazoezi na kupunguza uzito, nataja hapa mara moja tu, ni msingi wa kila njia iliyomo kwenye ulinganisho huu.

Sindano ya chembe zinazotoa dawa polepole

Hapa ndipo teknolojia ya chembe imekwisha kuvuka kutoka maabara. Oktoba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Zilretta, ambayo ni triamcinolone miligramu 32 iliyofungwa ndani ya viduara vidogo vya polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iitwayo PLGA. Polima hii huyeyuka taratibu mwilini na kugeuka asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, vitu ambavyo mwili unavijua. Kadiri inavyoyeyuka ndivyo dawa inavyoachiwa. Huja kama unga ambao mhudumu huuchanganya na kimiminika chake kabla tu ya kudunga.

Wapo wanaoiita tiba ya nano. Si nano. Kila kiduara kina makumi ya mikromita, na mikromita moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, ni nanomita 1,000. Ukubwa huo ni wa makusudi. Kwa panya, chembe za nanomita 300 zilizodungwa kwenye kiungo zilivuja haraka, wakati za mikromita 3 zilibaki kwa wiki kadhaa. Chembe kubwa haina pa kutokea, hivyo inakaa na kutoa dawa, na dalili za dawa zimeonekana kwenye ute wa goti hadi wiki 12 baada ya sindano moja. Kuingia ndani ya gegedu haiwezi kabisa. Kwa kuwa kazi yake ni kutuliza utando, hilo si kasoro.

Dawa inapotoka kidogokidogo, kiasi kinachorukia kwenye damu hupungua. Kwa watu wenye kisukari aina ya pili, utafiti mdogo ulionyesha sukari ilipanda kwa kiwango cha chini kuliko ilivyopanda kwa sindano ya kawaida.

Sasa sehemu ambayo matangazo huipita mbio. Kwenye jaribio kuu la watu 484, sindano hii iliishinda vizuri sindano ya maji ya chumvi kwenye wiki ya 12. Dhidi ya triamcinolone ya kawaida, kwa wastani wa maumivu ya kila siku, tofauti haikutosha kitakwimu, ingawa vipimo vingine viliiegemea kidogo. Na idhini ya mwanzo ilikuwa ya sindano moja, si ya kurudiarudia. Ningeipa kipaumbele kwa mwenye kisukari kuliko kwa mtu ambaye sindano ya kawaida humkubali bila tabu.

Chembe za nano zenyewe

Nano si kitu kimoja. Ni ukubwa tu, kwa kawaida chini ya nanomita mia kadhaa, na ndani yake kuna familia zinazotofautiana kama mbuzi na tembo. Nachukua tatu.

Ya kwanza ni *liposomu*, vifuko vya mafuta vilivyoelezwa na Alec Bangham huko Uingereza miaka ya 1960. Si vigeni kwenye tiba: Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya liposomu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Kwenye kiungo, vifuko hivi hubebeshwa steroidi kama dexamethasone na kudungwa. Seli za ulinzi kwenye utando huvimeza. Kwa matumizi mengine hiyo ni hasara, lakini hapa seli hizohizo ndizo zinazochochea uvimbe, hivyo dawa inajikuta imepelekwa kwa mchokozi mwenyewe. Kukaa kwake kunategemea ukubwa, na vifuko vinaweza kutengenezwa kuanzia makumi ya nanomita hadi mikromita kadhaa. Hazipenyi gegedu kwa kina. Zimefika kwenye majaribio ya binadamu, na steroidi iliyomo ndani yake inajulikana vizuri, kwa hiyo kati ya familia tatu hii ndiyo ninayoitarajia mapema zaidi kama sindano.

Ya pili ni *vifuko laini vya kupaka*, vilivyobuniwa kujipenyeza kwenye ngozi. Hivi vina kisa ambacho kila mpenzi wa nano anapaswa kukijua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wenye watu 1,395 wenye maumivu ya goti, ulilinganisha jeli ya vifuko vilivyobeba ketoprofen, jeli ya vifuko vilevile bila dawa yoyote, vidonge vya celecoxib, na vidonge visivyo na dawa. Jeli yenye ketoprofen ilifanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa, na haikuachwa nyuma na celecoxib. Jeli ya vifuko vitupu nayo ikafanya vilevile. Wengine walieleza kuwa mafuta ya vifuko, fosfolipidi, hulainisha kiungo. Mwenye shaka atasema kitendo cha kupaka na kutarajia nafuu kina nguvu yake. Mimi naegemea kwa mwenye shaka, lakini sioni ubaya kwa anayetaka kuepuka dawa kabisa kujaribu jeli ya aina hiyo. Madhara yake makubwa ni ngozi kuwasha au kukauka. Ajue tu kwamba hapo hajapata dawa iliyofikishwa kwenye gegedu.

Ya tatu ndiyo inayonisisimua, na ndiyo iliyo mbali zaidi: *vichembe vidogo sana vyenye chaji chanya*. Gegedu limejaa molekuli zenye chaji hasi. Ndizo zinazoshika maji na kulipa uwezo wa kubeba uzito. Matundu kati yake ni ya nanomita chache hadi makumi. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwenye panya kwamba chembe za nanomita 38, zikiwa na kipande cha protini kinachonasa kolajeni ya gegedu, ziliingia na kubaki, ilhali za nanomita 96 hazikuingia. Chaji ni mbinu nyingine: kichembe chanya kinavutwa na gegedu hasi, kinazama taratibu na kushikiliwa humo. Chaji ikizidi, kichembe kinaganda juu na hakizami, na chaji kubwa inaweza kudhuru seli. Kwa hiyo hesabu ni nyembamba.

Kundi la watafiti wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani liliipata hesabu hiyo mwaka 2018 kwa dendrima, polima yenye matawi kama mti, iliyobeba kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1. Kwenye gegedu la ng'ombe ilipenya unene unaokaribia wa binadamu kwa siku mbili, na kwenye magoti ya panya kichocheo kilikaa hadi siku 30, muda mara kumi zaidi ya kichocheo kilichodungwa peke yake. Hapo ndipo tunapozungumzia kulinda gegedu, si kuficha maumivu tu.

Ila panya si mtu. Gegedu la panya ni jembamba mno na goti lake halibebi kilo 80. Na kuna kizingiti ambacho hakitajwi vya kutosha: ugonjwa unavyosonga mbele, gegedu hupoteza zile molekuli zenye chaji hasi. Kwa maneno mengine, sumaku inadhoofika kadiri mgonjwa anavyoihitaji. Njia hii, ikifika, itamfaa zaidi aliyegundulika mapema, au aliyeumia goti akiwa kijana na bado ana gegedu la kulinda. Aliyefikia mfupa kusuguana na mfupa hana gegedu la kupenywa.

Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa na FDA wala na mamlaka ya Ulaya kwa ajili ya kusimamisha au kurudisha nyuma osteoathritisi. Si ya nano, si nyingineyo.

Kulingana na hali yako

Goti moja linauma wastani na hujatumia kitu: anza na jeli, kwa dozi kamili, wiki mbili tatu, pamoja na mazoezi ya misuli ya paja. Umri mkubwa au vidonda vya tumbo vinaongeza sababu ya kuanzia hapo.

Viungo vingi vinauma, na tumbo, figo na moyo ni vizima: vidonge kwa kipindi kifupi, kwa dozi ndogo inayotosha.

Goti limevimba ghafla, hupandi ngazi: sindano ya kawaida ya steroidi ni chaguo la haki. Moja, halafu mazoezi. Ikipendekezwa ya nne ndani ya mwaka, uliza lengo ni nini.

Una kisukari na sindano iliyopita ilipandisha sukari: uliza kama sindano ya kutoa dawa polepole inapatikana unakotibiwa. Isipopatikana, ya kawaida bado inawezekana ukipanga kupima sukari mara nyingi zaidi kwa wiki hiyo.

Nyonga ndiyo inayouma: jeli iache. Sindano ya nyonga hufanywa kwa kuongozwa na picha, yaani ultrasaundi au eksirei.

Ugonjwa uko mwisho kabisa, usiku hulali: kusubiri nano hakutakusaidia. Mazungumzo yako ni na daktari wa mifupa kuhusu kubadilishiwa goti.

Una umri mdogo, uliumia goti, picha zinaonyesha gegedu limeanza kuathirika: wewe ndiye mwenye sababu ya kufuatilia majaribio. Ukialikwa kwenye mojawapo, uliza chembe imetengenezwa na nini, inaondokaje mwilini, imebeba dawa gani, imeshadungwa watu wangapi kabla yako, na kama kundi la kulinganisha linapata maji ya chumvi au tiba ya kweli. Uliza pia nani atakutibu ukipata madhara baada ya jaribio kwisha.

Na ukiuziwa sindano ya nano ya kuotesha gegedu, kwa malipo, leo hii, omba jina la dawa iliyomo na nambari ya usajili wake, kisha ulizia nambari hiyo kwenye mamlaka ya dawa ya nchi yako kabla hujakunja suruali.